Ulimi wa Fundi wa Mapipa

Kiwanda cha Cantillon kipo Anderlecht, upande wa Brussels ulio karibu na stesheni kuu ya kusini, ambako abiria wa treni za Paris na London hupita na masanduku yao bila kujua kwamba nyuma ya lango moja la kawaida yamelala mapipa kwa mamia yenye bia chachu. Ukiingia unakutana na harufu kabla hujakutana na mtu: mbao zilizolowa, tufaa lililopitiliza kuiva, siki kwa mbali, vumbi. Vumbi hilo halifagiliwi ovyo. Utando wa buibui uliotanda kwenye pembe na juu ya mapipa nao hauguswi, kwa sababu buibui hula inzi na wadudu wengine wanaofuata utamu. Wana ajira hapa kama wafanyakazi wengine.

Nilikwenda kwa ajili ya chupa moja: lambiki iliyolowekwa maua ya elda, inayotoka kwa jina la Mamouche. Ni bia chachu ambayo imelala kwenye pipa kwa miaka miwili, kisha ikapewa maua. Nilitaka kuionja palepale inapotengenezwa. Lakini huwezi kusema la maana juu ya bia hiyo kabla hujaona yaliyotangulia, na yaliyotangulia yanaanzia alfajiri moja ya baridi hadi kiangazi cha mwaka wa pili au wa tatu. (Msomaji asiyetumia kilevi asifunge ukurasa. Sehemu kubwa ya habari hii ni ya moto, shaba na mbao. Kunywa kumepewa nafasi ndogo, tena huko mwishoni.)

Kiwanda kilianzishwa mwaka 1900 na Paul Cantillon, na bwana huyu hakuanza kwa kupika. Alinunua lambiki ya wapishi wengine, akailaza kwenye mapipa yake, akaionja, akaichanganya na kuiuza kwa jina lake. Wakati huo Brussels ilikuwa na viwanda vya bia mia hivi. Upishi wenyewe ulianza mwaka 1938, baada ya wanawe kununua mitambo ya kiwanda kilichofungwa. Kwa hiyo familia hii iliishi kwa ulimi karibu miaka 40 kabla ya kuwasha moto wake wa kwanza. Leo anayeongoza ni Jean Van Roy, wa kizazi cha nne. Tangu 1978 jengo hilohilo ni makumbusho pia, na mitambo ya kale bado inazungushwa kwa mikanda inayopita juu ya vichwa vya wageni.

Siku ya kupika huanza gizani. Mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Machi na Novemba, milango hufunguliwa tangu alfajiri ili watu watazame kazi yote, na siku kama hiyo nilijibanza karibu na ngazi, kando ya pipa la kukandia, mahali ambapo mtu haombwi kusogea. Kilo 1,300 za nafaka iliyovunjwavunjwa zinashuka kutoka ghorofani: takriban theluthi mbili ni kimea cha shayiri, theluthi moja ni ngano mbichi isiyooteshwa. Mikono ya chuma inazunguka ndani ya pipa, maji ya moto yanaingia kidogokidogo, na joto linapandishwa kwa hatua, kutoka nyuzi 45 hadi nyuzi 72, kwa muda wa saa mbili hivi.

Mpishi wa bia ya kawaida angetaka wanga wote ugeuke sukari hapohapo, ili hamira ile na kumaliza katika siku chache. Huyu anafanya kinyume. Katikati ya ukandaji anatoa sehemu ya majimaji yenye rangi ya maziwa, mazito kwa wanga, na kuyapeleka kwenye sufuria nyingine yachemke. Kuchemka kunaua vimeng'enya vinavyovunja wanga. Kisha anayarudisha. Kinachopatikana ni togwa yenye sukari ya kuliwa sasa, na ndani yake wanga mgumu ambao hamira ya kawaida haiuwezi. Nilimtazama mmoja wa mafundi akitumbukiza kipimajoto, akakitoa, akakifuta kwa kitambaa alichokitupia begani, akasoma, akasubiri, akatumbukiza tena. Anaweka akiba ya chakula kwa viumbe ambao hata kwenye togwa hawajaingia, na ambao wataanza kukila baada ya miezi.

Togwa ikishachujwa, machicha huondolewa na kwenda kulisha ng'ombe. Togwa yenyewe, lita 10,000 hivi, inaingia kwenye masufuria ya kuchemshia, na hapo ndipo hopsi, mmea wa kukolezea bia, zinatiwa. Hopsi hizi zina umri wa miaka mitatu. Zimekaa hadi rangi ya kijani ikageuka ya majani makavu, uchungu umepungua sana, manukato yamekwisha. Ukizifikicha kiganjani na kunusa unapata jibini. Mpishi mwingine angezitupa. Hapa zinatakiwa kwa uwezo wake wa kuwazuia bakteria waharibifu kwa muda mrefu, na uwezo huo haujaondoka na manukato. Togwa inachemka kwa saa kadhaa, mpaka robo yake ipotee kwa mvuke na zibaki lita 7,500.

Jioni inasukumwa hadi darini. Huko kuna sinia la shaba nyekundu lenye upana wa chumba kizima na kina kisichofika goti. Bomba linafunguliwa, togwa ya moto inaenea juu ya shaba, na kwa dakika chache humwoni mtu aliye mbele yako kwa mvuke. Vipenyo vya paa viko wazi, madirisha yako wazi. Mafundi wanaangalia mpaka sinia lijae, wanafunga bomba, wanashuka ngazi na kuiacha.

Hapo ndipo wageni huuliza hamira inatiwa saa ngapi. Haitiwi. Hewa ya usiku inapita juu ya togwa inayopoa, na hiyo hewa, pamoja na vilivyojificha katika mbao za dari na za mapipa, ndiyo inayoleta hamira na bakteria wote watakaohitajika. Kazi ya fundi ni kuchagua usiku. Nje kunatakiwa kuwe kati ya nyuzi 3 chini ya sifuri na nyuzi 8, ili asubuhi togwa iwe imeshuka hadi nyuzi 18 au 20. Usiku ukiwa na joto, wanaowahi kuingia ni bakteria wasiotakiwa. Ndiyo maana hupikwa kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwanzoni mwa Aprili, basi. Novemba 2015 baridi ilichelewa, usiku wa Brussels ukawa na joto la kupita kiasi, na kiwanda kikasimamisha upishi. Mitambo ya kupozea ipo, inauzwa, na viwanda vingi vingine vinaitumia. Wao walingoja baridi.

Asubuhi togwa iliyopoa inateremshwa na kuingizwa kwenye mapipa. Mengi ni ya mwaloni, machache ya mti wa chestinati, na karibu yote yameshafanya kazi kwingine, kutunza mvinyo au konyaki, kabla ya kuletwa hapa. Nilikaa muda mrefu zaidi kwenye kona ya kuoshea kuliko sehemu yoyote ya jengo. Ndani ya pipa tupu hutiwa maji ya moto na mnyororo wa chuma. Kisha pipa linafungwa kwenye mtambo unaoligeuza juu chini na ubavu kwa ubavu, na kelele ya mnyororo ukikwangua mbao inasikika hadi barabarani. Likisimama, fundi anamwaga maji meusi, anaingiza taa ndogo kwenye tundu, anaweka jicho. Anaosha tena kama hakuridhika. Baadaye unakuja mvuke. Ukoko unaondoka, lakini ndani kabisa ya vinyweleo vya mbao wanabaki wenyeji wa miaka mingi, na hao wanatakiwa wabaki. Palipo na mvujo kati ya ubao na ubao, fundi wa mapipa hulegeza pete za chuma, akasokomeza majani makavu ya matete, akazikaza tena kwa nyundo. Gundi haitumiki. Mbao zikilowa zinavimba na kujiziba zenyewe.

Pipa likishajazwa, tundu la juu huachwa wazi siku za mwanzo, kwa sababu ukiliziba pipa laweza kupasuka. Povu jeupe linatoka, likifuatiwa na la kahawia, linatiririka ubavuni na kukauka sakafuni, na lita kadhaa hupotea hivyo. Wiki tatu au nne zikipita, vurugu imetulia na kizibo kinagongwa. Tangu hapo bia inabaki gizani na kazi inaonekana kana kwamba imekwisha.

Haijaisha. Wanasayansi wa Ubelgiji waliichunguza lambiki kwa miaka miwili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014, na mpangilio walioukuta ni wa zamu. Mwezi wa kwanza hutawala bakteria wa jamii ya wale wa matumboni, ambao huleta harufu mbaya. Wanafuata hamira wa kawaida, Saccharomyces, wanaokula sukari nyepesi na kutoa kileo. Karibu na mwezi wa pili huingia pia bakteria wa uchachu, Pediococcus. Karibu na mwezi wa sita anashika zamu Brettanomyces, hamira wa polepole, aliyepewa jina hilo mwaka 1904 na Niels Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg huko Denmark. Huyo ndiye anayeweza kuukabili ule wanga mgumu uliowekwa akiba alfajiri ya siku ya kupika.

Kiangazi cha kwanza bia huugua. Neno hilo ni la watengenezaji wenyewe. Uchachu unapoingia, lambiki hugeuka nzito na telezi; ukiimimina inavutika kwa uzi kama bamia. Mtu asiyejua angelivuta pipa nje na kulimwaga. Fundi anaonja, anakunja uso, anaandika, anarudisha kizibo na kusubiri miezi mingine, kwa kuwa Brettanomyces ataula ule ute mpaka bia irudi kuwa nyepesi. Juu ya bia huota ngozi nyembamba ya hamira inayoikinga na hewa. Bia inapungua mwaka hadi mwaka kwa kuvukiza kupitia mbao, ngozi inashuka nayo, na hakuna anayelijaza pipa upya.

Sasa nimefika kwenye kazi iliyonileta. Kila pipa linakwenda njia yake. Togwa ni ileile, ya usiku uleule, lakini pipa moja likitoa bia laini yenye harufu ya tufaa, jirani yake laweza kutoa kali yenye harufu ya ngozi ya farasi na majani makavu. Hakuna kifaa kinachoweza kumwambia fundi lipi linafaa kwa nini. Inabidi aonje.

Kwenye uso wa kila pipa yameandikwa kwa chaki maelezo ya upishi wake. Fundi niliyemfuata alikuwa na glasi nyembamba mfukoni mwa aproni, tochi, na kidaftari. Alifungua kibomba kidogo kilichopigiliwa kwenye uso wa pipa, akaacha matone ya kwanza yaanguke sakafuni, ndipo akakinga glasi. Alichukua kiasi cha vidole viwili. Aliinua glasi mbele ya tochi kuangalia uangavu. Alinusa bila kuitikisa, akaitikisa, akanusa tena. Kisha alivuta kinywaji pamoja na hewa kwa sauti ambayo mezani ingemletea aibu, akakizungusha kinywani, akatema kwenye mfereji. Baada ya kutema alisimama kimya akitazama ukuta. Nilidhani amemaliza, kumbe alikuwa anasubiri kitakachobaki. Bia chachu hujieleza ikishaondoka mdomoni: uchachu wa siki hukwaruza koo na kukaa, uchachu mzuri hukufanya umeze mate na kupotea. Aliandika neno moja. Akasuuza glasi, akahamia pipa la pili. Alipofika la nne alirudi kwenye la kwanza, akalionja upya, akafuta neno lake na kuandika lingine.

Kwa geuze, ile bia inayochanganywa, huonjwa lambiki za mapipa kumi hivi na kuchaguliwa tano au sita, za mwaka mmoja, miwili na mitatu. Ya mwaka mmoja bado ina sukari, na sukari hiyo ndiyo itakayoamsha povu ndani ya chupa. Ya miaka mitatu haina tena utamu wowote. Inaleta harufu na kina. Ya katikati inazipatanisha. Vipimo havikai mwaka hadi mwaka. Mchanganyaji akiongeza nyingi iliyo changa, chupa inafoka. Akiipunguza mno, bia inalala bila uhai. Pipa lililogeuka siki humwagwa, na miaka yake mitatu inamwagika nalo.

Kwa bia ya maua anahitaji lambiki ya miaka miwili. Elda ni kichaka cha Ulaya kinachoota porini na hata kando ya reli, na mwishoni mwa Mei na mwezi Juni kinajaa maua meupe madogo yaliyopangana vichaneni. Huchumwa yakiwa mabichi, siku kavu, kwa sababu harufu imo katika chavua na mvua huiosha. Kisha inakuja kazi ya vidole: kuyatenga maua na vikonyo. Vikonyo vya kijani vina uchungu mbaya, tena si salama kwa tumbo, na kikapu kimoja kina vikonyo visivyo na idadi. Kazi hii haina mashine ninayoijua. Mtu anakaa kwenye kiti, anashika kichane kwa mkono mmoja, anapitisha vidole vya mkono wa pili kutoka kwenye shina kwenda nje, maua yanadondoka bakulini, kikonyo kinatupwa. Chavua inampaka njano hadi kwenye kiwiko.

Wale waliofika hapa wakidhani kutia maua katika bia ni mtindo wa juzi wana haja ya historia kidogo. Kabla hopsi hazijaenea, wapishi wa nchi hizi walikoleza bia kwa mchanganyiko wa mitishamba ulioitwa gruti, na haki ya kuuza gruti ilikuwa mali ya wakubwa. Jijini Bruges bado limesimama jumba la Gruuthuse, siku hizi makumbusho, la familia iliyopata jina na utajiri kutokana na biashara hiyo. Hopsi ziliposhinda, mitishamba ilirudi majikoni. Mamouche yenyewe ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2009, katika mfululizo wa bia za majaribio ambazo kiwanda huzitoa kwa jina la Zwanze.

Maua yakitiwa kwenye lambiki, ulimi unarudi kazini, mara nyingi zaidi kuliko kwenye mapipa. Pipa hungojwa kwa miezi. Maua hungojwa kwa siku. Yakitoka mapema bia inabaki lambiki tupu yenye marashi juu juu. Yakichelewa, harufu inageuka ya majani yaliyovunda, na hakuna cha kuirekebisha. Tena maua hayaji na sukari ya kutosha, tofauti na cheri zinazotiwa kwenye bia nyekundu ya krieki, kwa hiyo utamu wa kuamsha povu chupani lazima utoke kwingine na upimwe. Yakishatolewa, bia inachujwa, inajazwa kwenye chupa nene za aina ya shampeni, inapigwa kizibo cha gome na juu yake kifuniko cha chuma, kisha inalazwa ubavu.

Mezani walinipa kwanza lambiki tupu, kutoka kwenye jagi la udongo. Haina povu hata chembe, nayo ina rangi ya dhahabu iliyozeeka. Anayetarajia bia ya baa atashtuka, na nadhani wanaanza na hiyo makusudi, ili mgeni aache matarajio yake mlangoni. Mimi nilikumbuka mbege. Aliyekulia Kilimanjaro anaujua uchachu wa ndizi na ulezi, na anajua jinsi gome la msesewe linavyokuja nyuma yake na uchungu mkavu unaokufanya utake funda jingine; lambiki inakwenda njia hiyohiyo, ila imepunguziwa uzito wote. Mbege huliwa karibu kama inavyonywewa. Hii ni nyembamba kama maji, na vyote vilivyomo vimebaki harufu na ukali.

Kisha ikaja Mamouche. Chupa ililetwa ikiwa imelala kwenye kikapu cha fito, kama ilivyolala ghalani, ili mashapo yasipande. Mhudumu alikitoa kifuniko cha chuma, akaufuta mdomo wa chupa, akazungusha kizibo taratibu huku chupa ikibaki palepale kikapuni. Mlio ulikuwa mdogo. Akamimina kwa mkono mmoja bila kusimamisha, kwa mwendo mmoja, akaacha alipoona mawingu yanakaribia shingoni.

Rangi yake ni ya majani makavu, na povu lake jeupe linasimama kitambo kidogo na kushuka. Harufu ya kwanza ni ya maua, haina ubishi: asali mbichi, zabibu nyeupe, ganda la limau. Subiri. Glasi ikipata joto la kiganja, chini ya maua panajitokeza pipa: mbao, vumbi la ghala, ngozi. Kinywani uchachu unagonga pembeni mwa ulimi na kuyakaza mataya, kisha maua yanarudi yakiwa na uchungu mdogo wa kijani, kama wa mshubiri uliopunguzwa makali, na mwisho wote ni mkavu. Utamu ambao pua iliahidi haupo mdomoni. Nilichokipenda zaidi ni hicho: pua inaambiwa asali na ulimi unapewa limau, na mtu analazimika kurudi kwenye glasi kuhakikisha.

Kileo chake ni cha bia ya kawaida, asilimia 5 au 6, lakini hainyweki kwa kasi ya bia ya kawaida. Tulikuwa watatu mezani kwa chupa ya sentilita 75 na ilituchukua sehemu kubwa ya mchana. Ina kasoro? Kwa ulimi wangu, ndiyo. Maua yanaizidi lambiki nguvu katika dakika za mwanzo, na mtu aliyetazama kazi ya miaka miwili ghalani atatamani pipa lisikike mapema zaidi. Ningepewa kuchagua kimoja cha kunywa kila mwezi, ningechukua geuze. Mamouche ningeichukua mara moja kwa mwaka, kwa chakula chepesi, samaki wa kuchoma au jibini laini, na watu wasio na haraka.

Ukiipata, huku Ubelgiji au popote inapofika, usiigandishe kwenye friji. Iache ipoe kiasi cha maji ya mtungi, iwe nyuzi 12 hivi, uilaze bila kuitikisa na uimimine kwa mwendo mmoja. Halafu angalia tarehe kwenye lebo. Geuze waweza kuitunza kwenye chumba cha giza hata miaka 20 na ikaendelea kuwa nzuri. Hii ya elda haingoji hivyo: pipa litabaki ndani yake, lakini maua hufifia mwaka hadi mwaka. Inywe ingali changa.